Gamu ipi ya kola, na rangi gani kwa kitambaa cheupe? Sare ya sendofu

cherehani_ya_uani

Habarini wadau wa sindano, naombeni msaada kabla sijashika mkasi. Mdogo wangu ana sendofu mwezi ujao na mimi ndo nimebebeshwa sare ya madada, tuko wanne, tumekubaliana shati-gauni, ile ya kola na vifungo mpaka chini, afu na mkanda wa kitambaa hichohicho. Rangi wametaka kijani cha chupa. Sasa nimezunguka Moro mjini hiyo rangi kwenye kotoni hakuna, iliyopo ni satini na bi mkubwa ameshasema satini hataki kuiona. Nikakutana na kitambaa cheupe, muuzaji anasema kotoni tupu, bei nzuri, nikachukua mita 12 kwa akili kwamba rangi ntatia mwenyewe nyumbani.

Maswali yangu sasa. La kwanza gamu, ile ya kubandika kwa pasi ndani ya kola ili isimame, dukani nimeonyeshwa ile inayofanana na karatasi, nyingine ni kitambaa kabisa ila upande mmoja ina vinukta vya gundi vinang'aa, afu kuna ngumuu ambayo hata kukunja shida. Ipi ya kola, ipi ya mkanda, na pale kwenye vifungo niweke au niache? Nauliza kwa sababu nina blauzi ilishonwa na fundi mmoja, imefuliwa mara mbili tu kola ikatoka malengelenge, siivai tena.

La pili rangi, nichukue vile vipakti vya kuchemsha vya madukani au hizi za watu wa batiki?

La tatu, nitie rangi kitambaa kikiwa bado mita 12 au nishone kwanza afu nidumbukize magauni yakiwa tayari? Naona kudumbukiza gauni lililokwisha ndo rahisi, halichukui nafasi.

Cherehani ni ya kukanyaga, pasi ya umeme ninayo, umeme ukikata kuna ya mkaa.

---

fundi_mtaa_wa_nyuma

Dada naanza na la tatu maana hilo ndo limebeba mengine yote. Gauni lililoshonwa usilidumbukize popote. Rangi kwanza, kufua, kukausha, kupiga pasi, ndo ukate. Uzi tunaoshonea siku hizi karibu wote ni polista na rangi ya kotoni haushiki hata kidogo, utatoa gauni la kijani lenye mistari myeupe kila penye mshono, matundu ya vifungo ndo usiseme. Afu gundi ya gamu ni plastiki inayoyeyuka kwa joto, ukiiloweka maji ya moto saa nzima huku unaigeuzageuza inaachia na ikirudi kushika inashika na makunyanzi. Na kitambaa kipya cha kotoni kikikutana na maji ya moto kinasinyaa, ukiwa umeshakata saizi ya mtu hiyo hasara ni yako.

Haya gamu. Isizidi uzito wa kitambaa, ndo cha kwanza kuangalia. Dukani weka kipande cha gamu chini ya kitambaa chako, kunja vyote viwili juu ya kidole, kikikunjika laini kwa pamoja inakufaa, ikivunjika kona kali ni nzito mno. Ile ya karatasi haijafumwa, ni nyuzinyuzi zimegandamizwa tu, raha yake unakata upande wowote bila hesabu, ubaya wake ikifuliwa sana inalegea na kuota vinyweleo. Ile yenye vinukta imefumwa, hiyo ndo ya kola na kafu za mikono, ila ina uzi wa urefu na wa upana, kwa hiyo kata ukifuata uzi uleule wa kitambaa, ukiikata hovyo kola inapinda upande. Ngumu kabisa waachie wa mabegi na kofia. Mkanda weka ya kati, mtu atakaa nao ukumbini kutwa nzima anakula anacheza, ukiwa mgumu sana unamkata tumbo.

Sehemu ya vifungo WEKA. Kamkanda kembamba sentimita 3 au 4 toka shingoni mpaka chini. Usipoweka matundu yanavutika, na kwa shati-gauni lenye vifungo kumi na kitu mtu akikaa tu panapanuka katikati ya kifungo na kifungo.

Malengelenge ya blauzi yako yana sababu mbili na mara nyingi zote zipo pamoja. Gamu na kitambaa vilisinyaa tofauti kwa sababu hakuna kilichofuliwa kabla, au pasi ilikuwa ya haraka haraka. Pasi ya gamu haiburuzwi dada, unaiweka unagandamiza unainua. Kitambaa chembamba chenye unyevu juu, sekunde 10 mpaka 15, inua, sogea ukipandia kidogo pale ulipoishia. Joto la nukta mbili kwenye pasi, hapo ni kama nyuzi 150, zipo gamu zinazotaka zaidi kwa hiyo jaribu kwenye kipande kwanza. Ukimaliza usiinyanyue ikiwa moto, iache ipoe palepale mezani maana gundi inashika wakati inapoa, wengi tunaharibu hapo, tuna haraka ya kuipeleka cherehani.

Gamu ya kufumwa yenyewe iloweke kwanza kabla ya kuibandika, maji vuguvugu dakika ishirini hivi, usiikamue, ianike ijichuruzie. Ile ya karatasi haina haja.

Pasi ya mkaa kwa kazi hii hapana. Joto hulijui, na chembe ya jivu ikidondoka kwenye kola hata kama ni kijani inaonekana. Subiri umeme urudi.

---

mama_rangi_mza

Fundi umemaliza, mi naingia kwenye rangi. Ila mdogo wangu kabla hatujaongea rangi yoyote, hicho kitambaa umekichoma? Maneno ya muuzaji mi huwa siyasikilizi, kwao chochote kisichong'aa ni kotoni. Chomoa nyuzi chache za urefu, na nyingine chache za upana, choma mbalimbali, shika kwa kibanio juu ya sahani. Kotoni inawaka upesi, harufu ya karatasi iliyoungua, inabaki jivu la kijivu laini ukiligusa linapotea. Polista inajikunja kukimbia moto, inayeyuka, moshi mweusi, inabaki kidonge cheusi kigumu hakivunjiki kwa kidole. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua ni hariri au sufu. Fanya hivyo kwanza urudi hapa, tusije tukakuandikia mapishi ya nyama kumbe una samaki.

Nikichukulia ni kotoni kweli. Sisi wa batiki wengi tunatumia zile rangi za kostiki soda na haidrosulfaiti, kwenye ndoo inaonekana rangi ya ajabu ajabu haifanani kabisa na unayoitaka, ukitoa kitambaa kikakutana na hewa ndo rangi yenyewe inajitokeza. Ngumu kuchuja hizo, jua hazilijali. Ila kwa mtu wa mara ya kwanza tena rangi moja bila mchoro mita 12, sikushauri. Kila sehemu inayochungulia juu ya maji inashika hewa mapema inakuwa na baka, na kwenye batiki baka ni urembo ila kwenye sare ya madada ni kesi. Na kostiki yenyewe inachoma ngozi, hiyo unamwaga kostiki kwenye maji kidogokidogo, KAMWE usimwage maji juu ya kostiki, inaruka usoni.

Chukua rangi za riaktivu, za maji ya kawaida yasiyochemshwa, zinakwenda na chumvi na soda ash. Ukikosa Moro agiza Kariakoo, maduka ya kemikali na ya vifaa vya batiki wanapima kwa gramu. Vipakti vya kuchemsha ni sawa kwa blauzi moja lakini kila kufua vinatoa rangi, mgeni akikaa kwenye kiti cheupe na jasho la kucheza utasikia.

---

mzeewakanzu

Msisumbuke na makemikali jamani, zamani mama zetu walikuwa wanatia chumvi na siki basi rangi inashika. Kitenge kipya ukikiloweka chumvi na siki usiku mzima hakichuji tena. Kwa hiyo hata rangi ya kipakti fanya hivyo hivyo.

---

kemia_na_uzi

Mzee wangu shikamoo, ila hapo kwenye siki naomba nikupinge kwa heshima. Chumvi ina kazi kweli lakini kazi yake ni wakati wa kutia rangi, inaisukuma rangi itoke kwenye maji ihamie kwenye uzi. Kitambaa kikishakuwa na rangi tayari, kuloweka chumvi hakufungi kitu, maji yanaonekana masafi kwa sababu rangi haipendi kutoka kwenye maji ya chumvi, ukisuuza na maji ya bomba inaendelea kutoka kama jana. Siki ndo kabisa, siki inasaidia rangi za asidi kwenye sufu, hariri na nailoni. Kotoni inataka kinyume chake, inataka alkali, ndo maana ya soda ash. Ukitia siki kwenye rangi ya riaktivu umeizuia kushika.

Kitenge kinachochuja mara nyingi kina rangi ya ziada ambayo kiwandani haikusuuzwa vizuri. Dawa yake ni kuifua itoke iishe, maji ya moto na sabuni mara kadhaa peke yake. Ikiwa haiishi kabisa basi haikufungwa tangu mwanzo na siki haitaifunga.

Na tafadhali wanaosoma, kuna watu wanatia Jik kutoa rangi ya zamani afu wanamalizia na siki "kuua Jik". Hapo inatoka gesi ya klorini, sumu, na watu wanafanya kwenye bafu la choo mlango umefungwa. Usichanganye hivyo hata siku moja.

Dada mwenye sare, vipimo ukifika hapo. Unahesabu kwa uzito wa kitambaa kikavu, mita peke yake hazitoshi. Kitambaa cha shati cha kawaida kina kama gramu 140 kwa mita ya mraba, upana ukiwa mita moja na nusu hiyo ni gramu 210 kwa kila mita, mita 12 zako zinakaribia kilo 2 na nusu. Maji mara ishirini ya uzito, lita 50. Kijani cha chupa ni rangi iliyokolea, weka gramu 40 hadi 60 za rangi kwa kila kilo, kwa hiyo gramu 100 mpaka 150 jumla. Chumvi gramu 50 kwa lita, kilo 2 na nusu nzima usiionee huruma. Soda ash gramu 10 mpaka 20 kwa lita.

Lita 50 ina maana pipa la plastiki, na ZOTE MITA 12 ZIINGIE MARA MOJA. Ukigawa mafungu mawili hata ukipima kwa mzani wa dhahabu dada wawili watakuwa kijani chao na wawili kijani chao.

Sufuria za kwetu za aluminiamu weka mbali kabisa na shughuli hii. Kostiki inakula aluminiamu na kutoa gesi inayoshika moto, soda ash nayo inaichubua taratibu. Plastiki, chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Na chochote utakachotumia kisirudi jikoni.

---

mamake_twiga

Niko Nairobi, nauliza tu, hiyo soda ash ni ile magadi tunawekanga kwa githeri na mboga? Ama ni kitu ingine? Juu hiyo iko kwa kila duka hapa.

---

kemia_na_uzi

Ni ndugu ila si ileile. Magadi ya jikoni, yale mawe, ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti pamoja na uchafu wa ziwani, alkali yake ni ndogo na huwezi kujua kiasi. Soda ash ni magadi yaliyochomwa kiwandani mpaka baikaboneti ikaisha, na nyie Kenya mnayo ya kwenu kabisa, Ziwa Magadi wanachimba tangu kampuni ilipoanza 1911. Nunua ile iliyopakiwa kama soda ash. Bekingi soda ya keki nayo haifai, ni dhaifu.

---

cherehani_ya_uani

Wapendwa asanteni sana, shikamoo mzeewakanzu usikasirike. Nimerudi na majibu ya moto na roho imeniuma. Nimechoma uzi wa urefu, umewaka, harufu ya karatasi ipo, jivu lipo, LAKINI katikati ya jivu kuna vidonge vyeusi vigumu. Wa upana hivyohivyo. Nimerudia na nyuzi nyingine kutoka kona nyingine, ni yaleyale. Hii ndo nini sasa?

---

mama_rangi_mza

Pole mdogo wangu. Hiyo ni mchanganyiko, kotoni na polista zimesokotwa kwenye uzi mmoja, tetroni hiyo, ya mashati ya shule. Muuzaji hakukudanganya sana, kakudanganya nusu.

---

fundi_mtaa_wa_nyuma

Nusu gani mama, mara nyingi kotoni hapo ni 35 tu, polista 65. Kakudanganya theluthi mbili.

---

kemia_na_uzi

Maana yake kwa rangi ni hii. Riaktivu itashika kwenye kotoni peke yake na polista itabaki nyeupe, na kwa kuwa zimesokotwa pamoja jicho linaona wastani, utapata kijani kilichopauka chenye vumbi vumbi, hata uongeze rangi mara tatu haitakolea. Polista ina rangi zake, za disperse, na kiwandani wanazipika nyuzi 130 ndani ya mtungi wa presha ndo zinaingia. Nyumbani kuna vipakti maalumu vya nguo za sinthetiki, Rit wanazo za DyeMore, hizo unachemsha jikoni nusu saa na zaidi maji yakiwa karibu kutokota muda wote. Ila fikiria lita 50 za kuchemsha kwa kuni, sufuria isiyo ya aluminiamu ya ukubwa huo, na mtu wa kukoroga bila kupumzika. Mi nisingefanya.

---

pwani_na_uzi

Mie wa Mombasa, nasoma kimya kimya tangu mwanzo. Dada usikitupe hicho kitambaa, tetroni ni nguo njema kabisa kwa kazi yake, haikunjiki, inakauka upesi. Wakate wana mashati, ama kifanye bitana. Lakini kwa sare nenda katafute amerikani ama popilini ya kotoni, kile kitambaa laini cha mashati, uichome PALE PALE dukani. Muuzaji akikukatalia kuchoma uzi mmoja basi jibu ushalipata.

Na hapo kwenye gamu niongeze la kwetu. Si lazima ubandike. Kama kitambaa ni cha kotoni kizuri kata kipande cha tatu cha kitambaa hichohicho, kiweke katikati ya kola, kishonee pembezoni, basi. Hakuna gundi, hakuna malengelenge, kinasinyaa sawa na wenzake kwa kuwa ni ndugu zake wa jora moja. Kola itakuwa laini kidogo lakini ukiitia wanga wakati wa kupiga pasi inasimama. Kofia zetu za kiua hazijui gamu ya pasi, ni tabaka za kitambaa na sindano ya mkono, na wanga, na zinasimama kichwani hata jua la saa saba.

---

fundi_mtaa_wa_nyuma

Hiyo ya kitambaa cha tatu nakubali kwa kola ya kulala. Kwa shati-gauni la shughuli, kola yenye kistendi, yaani kile kipande cha shingoni kinachoisimamisha, mteja anataka kona kali, mi bado nabandika. Ila nabandika upande wa juu tu, wa chini hauna kitu, na nakata gamu ndogo kuliko kola, napunguza ile posho ya mshono yote, yaani ile nafasi ya pembeni inayoliwa na mshono, na nakata ncha ya kona kabisa. Ukiacha gamu ikaingia kwenye mshono kona inakuwa bonge haigeuki hata uisukume na nini.

---

pwani_na_uzi

Sawa fundi, lakini wanga wauache basi hata kidogo 😀

---

mzeewakanzu

Marahaba binti, sijakasirika. Na mimi nina swali, rangi za asili je? Mangrovu, manjano, hina. Huku kwetu maganda ya mkoko yalikuwa yanatia rangi matanga na nyavu mpaka yanakuwa mekundu kahawia na hayaozi.

---

mama_rangi_mza

Mzee hapo nipo na wewe kabisa, mkoko una tanini nyingi ndo maana unashika hata bila kitu kingine. Maganda ya vitunguu pia yanatoa rangi nzuri ya dhahabu ukitia shabu kwanza. Manjano inavutia siku ya kwanza ila jua likiipiga inapauka upesi, hata shabu haiisaidii sana. Ila kijani cha chupa kwa asili ni shughuli ya hatua mbili, njano kwanza afu nili juu yake, na mtu ana mwezi mmoja na mita 12. Na maganda ya mkoko siku hizi usiende kubandua mwenyewe, mikoko inalindwa.

---

cherehani_ya_uani

Jamani nimeelewa. Tetroni inabaki kwa mashati ya shule ya wanangu (imenipunguzia gharama za Januari hata sijapanga). Nimeongea na binamu yangu yuko Dar, kesho anapita mtaa wa Uhuru na Kongo kuniangalizia, nimemwambia abebe kiberiti. Kasema amerikani anaijua duka, popilini hana uhakika. Je amerikani itashika hiyo rangi? Maana ina ule unjano njano na ugumu fulani. Na gamu ninunue kiasi gani kwa magauni manne?

---

mama_rangi_mza

Inashika vizuri sana tena, lakini si vile inavyotoka dukani. Amerikani haijasafishwa, bado ina mafuta ya pamba yenyewe na ule uji wa kiwandani waliotia nyuzi zisikatike kwenye mtambo, ndo ugumu unaousikia. Ukiitia rangi hivyohivyo maji yanateleza juu, unapata mabaka. Ichemshe kwanza na sabuni na soda ash kidogo, saa moja au zaidi, utashangaa maji yanavyotoka rangi ya chai. Suuza, afu dondoshea tone la maji, likinywewa papo hapo iko tayari, likikaa juu kama shanga rudia. Kwa sababu ya kijani iliyokolea ule unjano hauna shida, ungekuwa unataka buluu ya anga au waridi ndo ningekwambia uing'arishe kwanza.

Mwambie binamu apime upana, amerikani nyingine ni nyembamba, mita 3 kwa gauni haitatosha. Na aongeze kama mita moja kwa kila kumi kwa ajili ya kusinyaa, itasinyaa hiyo.

Siku ya rangi yenyewe. Kitambaa kiwe kimelowa tayari, usiingize kikavu. Rangi koroga kwanza kwenye kikombe na maji ya uvuguvugu mpaka isiwe na vibonge, chuja kwa kitambaa cha soksi, kibonge kimoja tu ni doa la milele. Mimina kwenye pipa na chumvi iliyoyeyuka, koroga, ingiza kitambaa kikiwa kimekunjuka, geuza bila kuacha dakika 20. Soda ash yeyusha pembeni, SOGEZA KITAMBAA ndo umimine kwa mafungu matatu, usiimwagie juu ya kitambaa. Geuza tena mara kwa mara saa nzima. Baada ya hapo suuza maji baridi mpaka chumvi itoke, afu maji ya moto kabisa na sabuni, rudia mpaka maji yawe meupe. Hiyo ya mwisho watu wanaikatisha kwa uvivu ndo maana wanasema rangi za riaktivu zinachuja.

---

kemia_na_uzi

Naongeza mawili. Kama kijani utakachouziwa kimetengenezwa kwa feruzi, maji yawe ya moto kiasi, feruzi ni mvivu kwenye maji baridi, njano inashika haraka feruzi inabaki nyuma unashangaa kijani kimekuwa cha majani ya mgomba. Jaribu kwenye kipande ukikaushe kabisa kabla ya kuamua, kikilowa kinaonekana kimekolea kuliko kilivyo. Kama kinang'aa mno kwa unachotaka, chembe ya nyeusi au kahawia inakituliza.

La pili maji. Kisima chenye chumvi chumvi na chokaa kinavuruga rangi, kingeni mvua au tumieni ya bomba.

Hizi rangi za riaktivu kwa kotoni zilitoka mara ya kwanza 1956, ICI ya Uingereza, wakaziita Procion, na mpaka leo ukiona MX kwenye pakiti ndo ukoo huo wa maji ya kawaida. Unga wake usivute puani, funga kitambaa mdomoni wakati wa kupima, wengine unawapa pumu. Glavu pia.

---

fundi_mtaa_wa_nyuma

Gamu: ikiwa upana ni sentimita 90 nunua mita moja na nusu ya kufumwa, nyeusi kama ipo, kwa kijani kilichokolea nyeupe inaweza kuchungulia kwenye matundu ya vifungo. Hesabu yake, vipande vinane vya vifungo vya sentimita 4 kwa urefu wa gauni, hivyo vinakula sentimita 32 za upana, zinazobaki zinatosha kola, vistendi na kafu za wote wanne bila kubanana. Ya mkanda robo mita ya ile ya kati, unakata vipande vya sentimita 5 unaviunga. Ukiunga usipandishe kimoja juu ya kingine, vigusanishe ncha kwa ncha tu ndo upige pasi, la sivyo pale pa kuungia patajichora kwenye mkanda.

Uzi nunua baada ya kitambaa kukauka, nenda na kipande dukani, mchana, nje ya duka kwenye jua.

---

cherehani_ya_uani

Binamu kapiga simu sasa hivi yuko dukani, popilini ya kotoni amepata, kachoma uzi mbele ya muuzaji, jivu tupu hakuna kidonge, upana mita moja na nusu. Muuzaji kacheka kasema nyie wa Moro mna kesi. Nimemwambia achukue mita 14. Popilini nayo naichemsha na soda ash saa nzima au kuifua tu kwa sabuni inatosha?

---

mama_rangi_mza

Ikiwa ni nyeupe tayari imeshasafishwa kiwandani, ifue tu na maji ya moto, sabuni na soda ash kijiko kimoja, kutoa ule ugumu wa dukani. Usitie laini ya nguo, ile ya kunukia, inazuia rangi. Jaribio la tone la maji fanya vilevile. Na hesabu za kemia badilisha, mita 14 ni karibu kilo 3, maji lita 60, chumvi kilo 3.